Mashine ya Kichwa Kimoja

Mlionitumia salamu mkiuliza kama vidole vyangu vimerudi: havijarudi. Cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vimelala vilevile tangu siku ile tezo iliponiteleza ikakata mishipa, kama nilivyowasimulia wiki jana. Baridi vinasikia, moto vinasikia. Ukiviambia vishike kitu, havina habari.

Kwa mchongaji, hapo kazi imekwisha. Mimi Fortunatus, Mmakonde wa Mnyambe, nimeshika tezo kabla sijajua kuandika jina langu. Sasa miezi minane nimekaa Lisekese kama mgeni nyumbani kwangu, nalishwa na cherehani ya mke wangu, Oliva. Asubuhi naamshwa na mlio wake, jioni nalala nikiusikia. Anashona sare za shule, anashona mashela, anashona magauni ya kipaimara. Mimi nakata nyuzi zilizozidi, kwa mkono wa kushoto.

Ikumbukeni hiyo cherehani. Ndiyo dhambi yangu ya leo.

Wazo la mashine ya kukereza aliniletea Godfrey, fundi wa kuchomelea vyuma. Godfrey ni Mmakua, mimi Mmakonde, na koo zetu zina utani tangu kwa mababu. Kwa hiyo kila akinipa neno, nalipima kwanza: hili ni neno, au ni utani?

"Wewe kima," aliniambia, "mkono umekufa, akili nayo imekufa? Kwenye mashine ya kukereza mti unazungushwa na mota. Wewe unaegemeza patasi tu, unaisogeza taratibu. Mkono mmoja na nusu unatosha."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilimwendea Fakihi, mwenye karakana ya samani pale Masasi mjini, nikamwuliza kama anahitaji mkerezaji.

"Miguu ya vitanda naagiza mbali, inanichosha," Fakihi akasema. "Baada ya wiki mbili, Jumatatu, niletee minne, iliyolingana. Nikiipenda, kazi ni yako mwaka mzima. Usipoleta, yuko kijana mwingine anakuja Jumanne."

Jamani! Wiki mbili, na mimi hata mashine sina.

Nikaanza kuchagua. Ya kwanza niliiona dukani, mpya, ya buluu, inang'aa. Niliipenda papo hapo. Godfrey akaiinua kwa mkono mmoja, akaniangalia kwa huruma.

"Hii ni ya kukerezea vifungo vya shati," akasema.

Muuza duka akakasirika, akaiwasha ili kutuonyesha. Godfrey akamwomba afunge kipande cha mpingo alichokuja nacho mfukoni. Ile mashine ilitetemeka, ikaanza kutembea sakafuni yenyewe, ikaelekea mlangoni. Muuza duka akaikimbilia.

Ya pili ilikuwa kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa. Nzito, nzuri, imara. Nikamshika Godfrey mkono. "Hii!"

"Inataka umeme wa fezi tatu. Kwako una fezi ngapi?"

"Nina taa mbili na redio."

"Basi nunua uitundikie nguo."

Tulipokuwa tunarudi ndipo aliponipa somo. Nalinukuu lote, maana lingeniokoa.

"Sikiliza. Moja, tafuta nzito, kitanda chake, yaani ule mwili wa chini, kiwe chuma cha kumwaga. Miti yenu ya huku si mchezo. Mbili, zungusha ekseli kwa mkono, isiyumbe. Tatu, hesabu vichwa. Mashine ya kukereza ina vichwa viwili, mume na mke. Mmoja anazungusha, mwenzake anashikilia kwa upande wa pili. Ukikuta mume yuko peke yake, usilipe mahari."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtani akishataja mume na mke na mahari, utasema nini? La kwanza nikalishika, la pili nikalishika. La tatu nikaliacha palepale njiani.

Jumatatu, ikiwa imebaki wiki moja, Oliva akaitwa kijijini Chidya. Shangazi yake, yaani mke wa mjomba wake, Mzee Dickson, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji na hakuna wa kumtazama. Mzee Dickson si mjomba wa kupita tu. Ndiye aliyemlea Oliva, ndiye aliyekaa kwenye mkeka siku ya posa, na ile cherehani ya kukanyaga ni yeye aliyempa mpwa wake siku ya harusi mbele ya watu wote.

"Narudi Jumapili baada ya kanisa," Oliva akaniambia. "Chakula chako na cha mwanetu Upendo kipo. Cherehani usimwazime mtu."

"Nimwazime nani?"

"Esha jirani ana mikono mirefu. Basi tu."

Akapanda bodaboda, akaondoka. Na saa ileile simu ikalia. Alikuwa Godfrey.

"Kuna mashine Newala. Ya marehemu Mzee Nurdin, mkerezaji wa zamani. Mjane wake anaitoa. Mimi kesho nina kazi ya geti, tungoje Alhamisi twende wote."

Alhamisi! Jumatatu ya Fakihi ilikuwa inanipulizia kisogoni. Nikaomba namba ya yule mama, nikampigia mwenyewe. Akanijibu kwa upole kabisa: "Baba, mimi pesa zinanipotea mikononi. Binti yangu amejifunza ushonaji, amemaliza, hana cha kushonea. Mwenye cherehani nzuri aje tubadilishane."

Ndugu zangu, nilikaa kitandani nikaiangalia ile cherehani. Nikasimama. Nikatoka nje, nikarudi. Nikaifunika kitambaa ili nisiione, nikakifunua. Nikajipangia hivi: Jumapili Oliva akirudi, atakuta mashine inanguruma na miguu minne ya kitanda imejipanga barazani. Moyo utalainika kabla mdomo haujauliza. Halafu kwa kazi ya Fakihi nitamnunulia nyingine, ya umeme.

Nilijidanganya vizuri, na nikajiamini.

Jumanne asubuhi nikaipakia kwenye guta hadi barabarani, na pale nikapata lori lililokuwa linapanda Newala kuchukua korosho. Njia nzima nilisimama nyuma nimeikumbatia, isije ikakwaruzika.

Mama Yassini, ndivyo wanavyomwita yule mjane, alinipokea uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Pole na njia." Akaizunguka cherehani, akaipapasa. "Nzuri. Ni yako?"

"Ni ya nyumbani."

"Mama wa nyumbani ameridhia?"

"Ndiye aliyenituma."

Niliyasema haya nikimtazama usoni mama wa watu, ambaye alikuwa bado yumo ndani ya eda. Mungu anisamehe.

Akanifungulia banda. Mnajua nilichokikuta? Mashine nyeusi, nzito kama ng'ombe aliyelala, kitanda chake chuma cha kumwaga. Na kwenye kichwa chake bado lilikuwa limefungwa bakuli la mninga ambalo Mzee Nurdin hakulimaliza. Nusu lilikuwa laini, nusu bado gogo. Mwenye kazi aliondoka katikati ya kazi.

Nikazungusha ekseli kwa mkono. Haiyumbi. Nikawasha. Lile bakuli likazunguka bila kelele, rangi zake zikachanganyika, harufu ya mninga ikanijia puani baada ya miezi minane. Nikachukua patasi kwa kushoto, kulia nikauegemeza juu yake, nikagusa. Ukatoka unyuzi mrefu wa mbao, mwembamba, ukaniangukia miguuni.

Machozi yakanitoka, siwafichi.

"Mwanangu," Mama Yassini akasema, "mimi mambo ya mashine siyajui. Ilivyo ndivyo hivyo unavyoiona. Hukagui vizuri?"

"Nimeshakagua mama."

Kuna ncha moja ya kitanda cha mashine ilikuwa tupu, imebaki alama ya kutu ya kitu kilichokuwa kimekaa hapo. Niliiona. Nikadhani ni mahali marehemu alipokuwa anaweka kikombe chake cha chai.

Jumatano mashine ikashuka Lisekese. Vijana sita waliibeba hadi barazani. Alhamisi Godfrey akaja na nyaya zake kuunganisha. Akafika, akatazama, akainama, akachungulia chini, akaenda mpaka nyuma ya nyumba, akarudi.

"Mke yuko wapi?"

"Chidya, kwa mjomba wake."

"Si Oliva, pumbavu wewe! Mke wa mashine! Kichwa cha pili!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Hapo nikajua si utani, maana miaka yote ninayomjua Godfrey hajawahi kuanza utani halafu asiucheke mwenyewe.

"Lakini bakuli lilizunguka," nikasema.

"Bakuli linafungwa upande mmoja. Mguu wa kitanda je? Ule mrefu wote ushikwe ncha moja tu? Ukiuwasha utaruka, utakutoa jicho, uwe kilema wa mkono na wa jicho. Nilikwambia hesabu vichwa!"

"Nilidhani unatania!"

"Mungu wangu, Mmakonde huyu," akasema, akaketi juu ya gogo na nyaya zake.

Nikampigia Mama Yassini huku nazunguka uani.

"Ahaa, kile chuma chenye ncha?" akasema. "Siku ya mazishi watani walikichukua. Si unajua watani msibani? Mmoja alijilaza kaburini, mwingine akatwaa jembe, mmoja akaingia bandani akatoka nacho kile. Akasema hakirudi mpaka tukikomboe. Wengine tuliwapa kuku, wakarudisha vitu. Kile wanangu waliona ni chuma tu, wakakiacha."

"Alikichukua nani, mama?"

"Mmakua mmoja mtu mzima, mcheshi huyo! Anatoka Chidya. Wanamwita Mzee Dickson."

Mjomba wa Oliva!

"Na mimi nilitaka kukupigia," akaendelea. "Hii cherehani mbona haishoni? Sindano inapanda inashuka, uzi wa chini hauji."

"Tia mafuta mama," nikasema haraka. "Imechoka na safari."

Nikakata. Godfrey alikuwa amesikia yote. Akanitazama, na safari hii akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Kichwa cha mashine yangu kilikuwa nyumba moja na mwenye cherehani.

"Nenda," akaniambia alipopata pumzi. "Kesho uende. Au mpigie Fakihi umwambie mguu wa kitanda siku hizi ni wa duara kama bakuli."

Nikaenda. Ijumaa saa nne nilishuka kwenye bodaboda, miguu imejaa vumbi jekundu, mkononi kilo mbili za sukari na jogoo. Njiani nilikuwa nimepanga maneno matatu ya uongo, na nilipofika kizingitini nikayasahau yote.

Shangazi alikuwa amejiegemeza kwenye mkeka kivulini, majirani wawili wamekuja kumjulia hali. Oliva anachambua mchele. Aliinua uso, akatabasamu. Tabasamu lile lilinichoma kuliko tusi.

"Baba Upendo! Kuna nini nyumbani? Upendo mzima?"

"Mzima. Nimekuja kumtazama shangazi."

"Shikamoo mjomba," nikasema nikiinama.

"Marahaba mkwe." Mzee Dickson alikuwa kwenye kigoda, kofia ameiweka gotini. "Mmakonde amekuja na jogoo! Leo mvua itanyesha korosho zikiwa nje."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Na pale pale, pembeni ya mlango wake, nikakiona. Chuma cheusi, kizito, chenye ncha mbele na gurudumu dogo la kuzungushia nyuma. Mzee alikitumia kuzuia mlango usijibamize na upepo.

Nikashindwa hata kungoja chai.

"Mjomba, kile chuma, naweza kukipata?"

"Kile? Kile ni mateka wangu wa Newala. Nilikitwaa msibani kwa Nurdin."

"Nakikomboa. Jogoo huyu hapa."

Mzee akatikisa kichwa. "Kinakombolewa na nyumba kilikotoka. Utani una sheria zake. Wewe ni nani kwa Nurdin? Na chuma hiki unakitakia nini huko Lisekese?"

"Nina... kuna mashine."

"Mashine gani?"

"Ya kukereza. Nimeipata."

"Umeipataje?"

Ungo wa Oliva ukanyamaza. Ule mlio wa mchele ukakatika.

"Kwa makubaliano," nikasema.

Oliva akaweka ungo chini. Akanyanyuka, akaenda mlangoni, akakiinua kile chuma kwa mikono miwili, akarudi nacho, akaketi amekipakata.

"Mjomba, mimi Mmakua mwenzako ndiye mtani wake wa karibu," akasema. "Nimelala na Mmakonde miaka kumi na moja. Mwachieni mimi nimtoze."

Majirani wakapiga makofi. Shangazi akacheka huku ameshika mshono wake. Mzee Dickson akapiga goti. "Mtoze! Mtoze huyo!"

"Haya, Baba Upendo. Komboa."

"Kwa kitu gani, mke wangu?"

"Kwa neno moja. Hao waliokupa mashine walipokea nini?"

Watu wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa namtazama machoni. Miaka kumi na moja, na sikuweza kujua kama mke wangu anatania.

Nikamhamishia jogoo kwapani. Basi Oliva akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Nilidhani anatoa noti. Akatoa kitu kidogo cha chuma, kinang'aa, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya soda, akakiweka juu ya mkeka.

"Mnakijua hiki?" akawauliza majirani. "Kikopo cha bobini, cha uzi wa chini. Kila nikisafiri nakichomoa, nakifunga hapa. Cherehani bila hiki haishoni. Nilikuwa namkwepa Esha na mikono yake mirefu." Akanigeukia. "Sikujua ninayepaswa kumkwepa ni nani. Jumanne Esha alinipigia kuniuliza kama tumehama, maana ameona cherehani inapakiwa kwenye guta."

Jumanne! Siku tatu alikuwa anajua, ananingoja niseme mwenyewe.

Kabla sijafungua mdomo simu yangu ikalia. Ilikuwa mkekani, na jina likaonekana kwa wote. Mama Yassini Newala.

"Si mjane wa Nurdin huyo?" Mzee Dickson akasema, bado anacheka. "Huyo ndiye mwenye haki ya kukomboa! Weka sauti kubwa!"

Oliva akabonyeza kwa kidole gumba.

"Baba Upendo," sauti ikatoka, "fundi ameitazama. Anasema imetolewa kikopo cha bobini. Mwanangu analia hapa. Mimi nimefiwa, baba, nimekaa eda, hata wewe umeona wa kumtapeli ni mimi?"

Kicheko kilikatika. Mzee Dickson akachukua kofia yake gotini, akaivaa.

"Shikamoo mama," Oliva akasema kwenye simu. "Mimi ni mwenye cherehani."

Mama Yassini akajibu polepole: "Marahaba. Kumbe hukumtuma."

"Sikumtuma. Ila wewe huna kosa. Kikopo ninacho hapa, nitakuletea kwa mkono wangu. Cherehani ni ya binti yako, ashone. Na mjomba wangu Dickson yuko hapa anasikia: kile chuma cha marehemu, wewe umeshakikomboa leo. Umekikomboa kwa cherehani yangu. Sivyo, mjomba?"

"Ndivyo," Mzee akasema. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

"Basi kilicholipiwa kwa cherehani yangu sasa ni changu mimi."

Akakata simu, akanirudishia. Nilipiga magoti palepale, mbele ya majirani, jogoo bado yuko kwapani.

"Oliva, nisamehe. Jumatatu Fakihi ananingoja. Ni kazi ya mwaka mzima. Ni mkono wangu, Oliva! Nimechoka kukata nyuzi!"

Oliva akakiokota kikopo mkekani.

"Ungeniambia hivyohivyo," akasema. "Kwamba umechoka kukata nyuzi. Ningeibeba cherehani mwenyewe mpaka Newala. Ningekitoa kikopo hiki pindoni kabla hujaomba."

 

Akakifunga kile kichwa cha mashine ndani ya khanga, mafundo mawili, akakikumbatia kama mtoto. Akamtazama mjomba wake, si mimi.

"Mjomba, Jumapili sirudi Lisekese."

Mzee Dickson naye hakunitazama. Alisogeza kigoda chake, akakiweka kati yangu na mlango wa nyumba, akaketi.

"Fortunatus," akasema, na tangu siku ya posa hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Rudi kwenu, ukalete wazee wenu."